Sentensi ya Mia Mbili na Kumi na Tano

Kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu yeyote ila Mungu wake, Mama Povu alishuka kijitoni na kitambaa cheupe cha ukubwa wa kiganja. Alikifunga kwenye kijiti, akakitumbukiza karibu na jiwe lake la kufulia, akasali sala ya asubuhi tangu mwanzo mpaka amina bila kuruka neno, kisha akakitoa na kukikamua. Kikitoka cheupe, siku hiyo alifua nguo nyeupe. Kikitoka na rangi, alifua nguo za giza, au alikaa akakunja zilizokauka. Kijito kile kilipita chini ya ukuta wa kiwanda cha nguo kabla ya kumfikia yeye, na rangi iliyoteremka nacho mara nyingi ilikuwa nyepesi mno, ukiitazama ndani ya beseni huioni. Pamba iliiona.

Kitambaa chenyewe hakukitupa. Alikianika, akakiandika tarehe kwa kalamu ileile aliyotilia alama nguo za watu, akakihifadhi katika kopo la biskuti chini ya kitanda. Hilo alilijifunza kwa aibu. Miaka sita nyuma Matroni wa zahanati alimrudishia mashuka yaliyoingia umanjano, akamwambia mbele ya wagonjwa kwamba ameyaloweka pamoja na matambara yake ya nyumbani. Tangu hapo, furushi la mtu likichelewa, Mama Povu alilichoma pini yenye kitambaa cha siku ile na kusema, "Sababu yangu hiyo hapo." Wateja walizoea, wakakirudisha walipoleta nguo nyingine. Wengine walimtania, "Leo umenipinia rangi gani, mama?"

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na meza moja. Meza ilikuwa ya kupigia pasi, na mwenye pasi alikuwa binti yake mkubwa, mwanamke wa maneno makali na mikono myepesi. Lakini kwa miezi minane meza hiyo ilikuwa imetekwa nusu na mdogo wake, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya uhasibu. Mtaani walimwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kungoja waone.

Utafiti wake ulikuwa na jina refu lililojaza mistari mitatu. Kwa ufupi aliomsimulia mama yake, alikuwa anathibitisha kwamba viwanda vyenye mfumo mzuri wa kompyuta wa mahesabu huandika vizuri zaidi habari za maji yao, moshi wao na taka zao, kuliko viwanda vinavyotumia madaftari. Alichukua ripoti za mazingira za viwanda kumi na vinne, akahesabu sentensi. Sentensi ya maneno matupu ilipata alama moja. Yenye tarehe au idadi ndani yake ilipata mbili. Kiwanda cha juu ya kijito kilikuwa na sentensi mia mbili na kumi na nne, nacho ndicho kilichoongoza.

"Mia mbili na kumi na nne juu ya kijito hiki hiki?" Mama Povu aliuliza siku alipoambiwa.

"Hiki hiki, mama."

"Mimi hata kumi zingenishinda," alisema, na moyoni akamshukuru Mungu aliyempa mtoto mwenye kuona mengi mahali ambapo yeye aliona maji tu.

Alhamisi moja Matroni alileta makoti meupe ishirini na mawili. Jumatatu zahanati ilikuwa inapokea wageni kutoka wizarani, na makoti yalitakiwa Jumamosi, yamepigwa pasi, yamesimama kola. Kazi ya zahanati ndiyo iliyoishikilia nyumba ile. Nguo za majirani zilikuwa za sabuni na chumvi tu. Za zahanati ndizo zilizolipa kodi ya vyumba na ada ya Profesa.

Kitambaa cha asubuhi hiyo kilimtia mashaka. Hakikuwa cheupe, wala huwezi kusema kina rangi. Kilikuwa kama kimekumbuka rangi. Mama Povu alikigeuza juani, upande huu, upande ule.

"Nitangoja kesho," alisema.

"Kesho ukifua, Jumamosi nitapiga pasi makoti mabichi," binti alisema. "Mvua ikinyesha je? Hawa watu wa wizara hawatangoja jua."

Profesa aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Mhasibu mkuu wa kiwanda alikuwa amempa neno la siri la kuutazama mfumo wao kwa ajili ya utafiti. Aliigeuza kompyuta kwa mama yake na kumwonyesha ukurasa wenye safu za siku, na mbele ya kila siku nukta.

"Hii ya leo, mama, unaionaje?"

"Kijani."

"Kijani maana yake hawajafungulia maji ya rangi. Wakifungulia, inakuwa nyekundu. Huna haja ya kubahatisha na kitambaa. Hapa ndani imo siku, imo saa, imo kila kitu."

"Lakini kitambaa kina kitu."

"Labda kijiti chako kinachuja. Mama, mfumo huu ndio wa kwanza kati ya viwanda kumi na vinne."

Mama Povu alikitazama kitambaa, akaitazama nukta. Nukta iling'aa vizuri, haikuwa na shaka yoyote. Kitambaa kilikuwa na shaka nyingi. Tena alimsomesha kijana huyu ili ajue kuliko yeye. Sasa anajua, amkatalie?

Akaloweka makoti yote ishirini na mawili.

Yalipokuwa majimaji hayakuonyesha neno. Yalipoanza kukauka ndipo yaliposema. Rangi ilitokea kwanza kwenye mishono, ikaenda mifukoni, ikapanda kwenye kola, kijani cha ukungu wa mkate. Binti yake alisimama mbele ya kamba, mkono kiunoni, akayahesabu moja moja.

"Profesa," aliita hatimaye. "Hebu toka nje uone nukta zako. Tumezianika."

* * *

Waliyachemsha, wakayatia dawa ya kung'arisha, wakayafua tena kwa maji ya bomba ya kununua kwa ndoo. Sita yalirudi kuwa ya kuvalika kwa mbali. Kumi na sita yalibaki na kijani chake. Jumamosi Mama Povu aliyabeba yote mpaka zahanati, kwa sababu hakuwahi kumkwepa mteja, akasimama mlangoni kwa Matroni huku wauguzi wawili wakijifanya wanapanga chupa.

Matroni alilifunua koti la kwanza. Akalifunua la pili.

"Mama Povu, mimi niliomba madaktari, wewe umeniletea maembe mabichi."

Muuguzi mmoja alicheka puani.

"Ni maji ya kiwanda, Matroni."

"Na kitambaa chako kiko wapi? Miaka sita unanipinia vitambaa kama medali. Leo ndiyo hukupima?"

Mama Povu angeweza kusema mwanawe ndiye aliyemwambia. Neno lilifika ulimini, akalimeza. "Nilipima. Nikakiamini kingine."

Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majalada. Alikaa, akachukua kalamu. "Sikiliza. Makoti haya ni mali ya umma, siwezi kuandika kwamba yamegeuka yenyewe. Niletee karatasi inayosema kilichotokea, yenye mhuri wa watu wanaoeleweka. Kiwanda, au nani sijui. Mwisho wa mwezi. Nikiipata, mambo yamekwisha, kazi yako iko palepale. Nisipoipata, nguo zitakwenda kwa wale wenye mashine."

"Na neno langu?"

"Neno lako nalikubali, mama. Lakini nikilifungia kwenye jalada halikai."

* * *

Jumatatu Mama Povu alivaa gauni lake la ibada, akakunja koti moja la kijani alilorudi nalo Jumamosi ndani ya mfuko safi, akaenda kiwandani. Hakumwambia mwanawe. Alijua angemkataza kwa upole, na upole wa Profesa ulikuwa mgumu kuupinga.

Mapokezi palikuwa na sakafu ya kujionea uso. Ukutani zilining'inia tuzo tatu, na ya katikati ilisema kiwanda hiki ni rafiki wa mazingira. Binti wa mapokezi alimpokea vizuri, akaandika jina lake, akauliza sababu ya kuja.

"Nimekuja na malalamiko, mwanangu."

Binti alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Hayamo."

"Hayamo nini?"

"Malalamiko. Kwenye mfumo kuna ugavi, ukaguzi, utafiti, ajira na pongezi."

"Basi paache wazi."

"Haikubali kuachwa wazi, mama. Nisipochagua, kadi haitoki, na bila kadi mlango haufunguki." Alikuwa na huruma ya kweli. "Nikuweke ajira?"

"Ajira, na miaka yangu hii?"

"Basi nitakuweka pongezi. Ni ya mlangoni tu, ukishaingia utasema lako."

Kadi ikatoka, mlango ukafunguka, na Mama Povu akaingia kiwandani kama mtu aliyekuja kutoa pongezi. Na kwa gauni lile, mtu asingebisha.

Mhasibu mkuu alisimama kumpokea, akamvutia kiti kwa mikono yake. Alikuwa mtu mpole, wa kucha safi, aliyemwita "mama yangu" kila alipofungua mdomo. Alilitazama koti bila kuligusa, akalisikitikia kwa dhati. Kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta, palepale kwenye safu alizokwisha kuzijua.

"Alhamisi, mama yangu. Unaona?"

"Naiona. Niliiona hata Alhamisi yenyewe."

"Kijani. Siku hiyo hatukutoa tone. Mimi mwenyewe moyoni nakuamini. Lakini mimi ni mhasibu. Nikikuamini bila hati, wakaguzi watanila mzima."

"Koti si hati?"

"Koti ni koti." Alifungua mtoto wa meza, akatoa kitabu kinene kilichofungwa kwa waya. "Hati ni kama hii. Tulimruhusu mtafiti mmoja wa chuo kikuu, na sharti letu lilikuwa atuletee nakala kabla ya kuitetea. Ukurasa wa themanini na sita. Nikusomee?" Akavaa miwani. "'Taarifa za maji taka zinazotolewa na mfumo huu ni sahihi, hutolewa kwa wakati, na zinaaminika.' Hapo hajasema mtu wa kiwanda, mama yangu. Kimesema chuo kikuu."

Mama Povu aliyajua yale maneno. Aliwahi kuyasikia yakisomwa juu ya meza ya pasi, mara tatu, huku akiombwa kusema kama yanatiririka. Alikuwa amesema yanatiririka.

"Amesema mwanangu," alijibu.

Mhasibu mkuu alivua miwani, akatabasamu kwa furaha ambayo haikuwa na ubaya ndani yake. "Huyu ni mwanao? Hongera sana! Mwambie barua yake ya kazi iko tayari, tunangoja atetee tu. Afisa wa Taarifa za Mazingira. Mama yangu, nyumba yako sasa imetengemaa, wewe bado unahangaika na makoti?"

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Binti wa mapokezi alipokea kadi, akamtakia siku njema.

* * *

Siku hiyo jioni pasi ilipoa peke yake mezani. Mama Povu alisimulia yote bila kuongeza chumvi, na kila alipofika mahali pa aibu yake alipita haraka, na kila alipofika kwenye ukurasa wa themanini na sita alisimama.

"Mama, nielewe," Profesa alisema. "Mimi sipimi maji. Mimi napima taarifa za maji."

"Kumbe!" dada yake alisema. "Basi vua hilo shati nikufulie taarifa za shati."

"Dada, hili ni jambo la kisayansi."

"Na madaktari kumi na sita wa kijani ni jambo la nini?"

"Nilipeleka hojaji. Niliwauliza wahasibu wenyewe: mfumo wenu ni sahihi kwa kiasi gani, moja mpaka tano. Wote walijaza tano."

"Ungemuuliza na mwizi, moja mpaka tano."

Mama Povu aliwaacha wabishane mpaka walipochoka. Kisha akainama, akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda, akaliweka juu ya kompyuta, taratibu, kama anavyoweka mtu chakula mbele ya mgonjwa.

"Unajua kuhesabu," alimwambia mwanawe. "Hesabu na hivi."

Ilimchukua siku mbili. Alivipanga vitambaa vya mwaka mzima mezani, kitandani, sakafuni, kila mwezi na safu yake, na watu wa nyumba ile wakawa wanapita kwa ncha za vidole. Vilikuwa mia tatu na nane, maana siku za ibada Mama Povu hakufua. Vyenye rangi vilikuwa mia moja na kumi na tisa. Nukta nyekundu katika mfumo, kwa mwaka huohuo, zilikuwa nne.

"Hizo nne angalau zimelingana na zangu?" mama yake aliuliza.

Profesa alikaa kitako. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kiwandani kumwona karani wa kuingiza taarifa, kijana mwenzake, mcheshi, aliyekuwa kati ya waliojaza tano.

"Hazijalingana, mama. Siku hizo nne kompyuta iliharibika, ikaweka nyekundu yenyewe."

"Na hizi nyingine zote za kijani, nani aliona?"

"Hakuna." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga chini akakuta hamna ngazi. "Nilimuuliza, inakuwaje hamjawahi kuchelewa hata siku moja, maana kwenye kuwahi niliwapa alama zote. Akaniambia, 'Kaka, tutachelewaje? Tarehe mosi najaza mwezi mzima.' Nikamwambia, unajazaje Alhamisi kabla haijafika? Akasema anaweka sifuri, halafu fundi wa valvu akileta karatasi yake anarekebisha."

"Fundi huleta?"

"Ameniambia kalamu ya fundi iliisha wino mwezi wa pili mwaka jana."

Dada mtu alikuwa na la kusema, ilionekana usoni. Lakini alimtazama mdogo wake, akachukua pasi, akaanza kunyoosha leso ambayo ilikuwa imekwisha kunyooshwa.

"Jumatano ijayo ndiyo natetea," Profesa alisema. "Nilimpigia msimamizi wangu. Amesema matokeo nisiyaguse. Niongeze aya moja nyuma, kwenye mapungufu ya utafiti, kwamba maji yenyewe hayakuwa ndani ya mipaka ya utafiti. Nitapita, barua ya kazi nitaipata, na makoti, mama, mshahara wa kwanza nitayanunua mapya yote."

"Na karatasi ya Matroni?"

"Nani atasoma karatasi akishapata makoti mapya?"

Mama Povu alianza kuokota vitambaa, mwezi wa kwanza, wa pili, kwa utaratibu uleule vilivyopangwa. "Sikuombi uache kazi," alisema. "Hayo ni yako na Mungu wako. Mimi nilikuamini mchana kweupe, na kitambaa nimekishika mkononi. Mwenye zahanati anangoja karatasi, mwenye kiwanda anakushika kama ngao. Watu wote tumekaa nyuma ya ukurasa wako. Nataka kujua kama na wewe umo."

* * *

Chumba cha kutetea kilikuwa na viti vya wageni nyuma. Mama Povu na binti yake walikaa hapo, mmoja na gauni la ibada, mwingine na kiatu kilichobana. Profesa alisimama mbele katika shati jeupe lililofuliwa kwa maji ya bomba. Mbele yake walikaa watahini watatu, na kando msimamizi wake, aliyekuwa akitazama saa kwa matumaini.

Alianza vizuri. Alionyesha michoro. Mstari ulipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, na watahini walionekana kuufurahia. Yule wa katikati, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, alifunua ukurasa.

"Themanini na sita. Umesema taarifa hizi ni sahihi. Ulijuaje?"

Msimamizi aliinua kidole kidogo, kama kumkumbusha ile aya. Profesa aliiangalia michoro yake. Kisha akageuka kuangalia viti vya nyuma, na mama yake, ambaye hakutaka kumwita kwa macho, akainamia mikono yake.

"Niliambiwa na wenyewe," Profesa alisema. "Si sahihi. Nimegundua wiki iliyopita."

Akachukua mkoba, akatoa kopo la biskuti, akaliweka mbele ya jopo.

Nusu saa iliyofuata Mama Povu hakuielewa yote, lakini aliyoyaelewa yalimtosha. Hakuna mtahini aliyeuliza juu ya kijito. Mtahini wa kushoto aliuliza vitambaa vile vimehakikiwa na nani. Profesa akajibu, na mama yake. Akaulizwa sifa za mama huyo. Akajibu kwamba amefika darasa la saba, na amefua nguo miaka thelathini na moja. Mtahini wa kulia alitaka kujua kama vitambaa vihesabiwe kuwa data ya msingi au ya upili, na yule wa kushoto akasema vyovyote iwavyo, kijiti hakikusanifiwa. Walibishana kwa bidii kubwa. Yule mzee wa katikati peke yake alivuta kitambaa kimoja, cha zambarau, akakinusa, akakirudisha.

"Huyo mama yuko wapi?" aliuliza.

"Nyuma pale."

"Mama, ulikuwa unakiacha majini muda gani?"

Mama Povu alisimama. "Urefu wa sala moja."

"Ileile kila siku?"

"Ileile. Haijabadilika tangu nilipofundishwa."

Mzee yule aliandika. "Muda wake umesanifiwa," aliwaambia wenzake, nao wakaandika.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Kazi imerudishwa kwa marekebisho makubwa. Miezi sita. Ukurasa wa themanini na sita uandikwe upya pamoja na sura mbili zinazoutegemea, na sababu zielezwe. Mlangoni msimamizi alimshika Profesa bega. "Ungekuwa umeshapita sasa hivi," alisema, kama anayetoa pole ya msiba.

Ijumaa barua pepe ilifika kutoka kiwandani. Ilimshukuru kwa ushirikiano, ikamjulisha kwamba nafasi ya Afisa wa Taarifa za Mazingira imefutwa kutokana na kubana matumizi, na kwamba neno lake la siri limeisha muda.

"Hilo limefika kwa wakati," dada yake alisema. Kisha akamwekea chai, akamwekea na sukari yake yeye.

Ukurasa mpya aliuandika kabla ya kitu kingine chochote. Ulisema mwaka ule maji yalibeba rangi siku mia moja na kumi na tisa ambazo mfumo haukuzionyesha, ikiwemo Alhamisi ile, kwa tarehe yake. Yule mtahini mzee aliutia sahihi na mhuri wa idara, na siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi Mama Povu akaupeleka zahanati. Matroni aliusoma jicho moja, mstari wa kwanza na wa mwisho, akatoboa matundu mawili, akaufungia jaladani.

"Haya ya katikati sikuyaelewa," alisema. "Lakini mhuri umekaa vizuri." Akasukuma furushi la mashuka kwa mguu. "Haya ya Jumanne. Na safari hii, mama, kama kitambaa kina shaka, na wewe uwe na shaka."

Makoti ya kijani walikuwa wamegawiwa wafagiaji wa zahanati tangu Jumatatu ile ya ugeni. Wageni wa wizara, ilisemekana, waliyasifu sana. Walidhani ni sare mpya.

* * *

Mwezi wa tano wa yale marekebisho, ripoti mpya ya kiwanda ilitoka, karatasi nzito zinazoteleza, na nje picha ya kijito kilichopigwa mahali ambapo hakijafika kiwandani. Profesa hakuwa na njia ila kuihesabu. Utafiti ulihitaji mwaka mpya kulinganisha na ule wa zamani. Alikaa upande wake wa meza asubuhi, kalamu mkononi, huku dada yake akinyunyizia maji kola upande wa pili. Mama Povu alikuwa ndiyo kwanza amepanda kutoka kijitoni, kitambaa bado kimekunjwa ngumini.

"Zimeongezeka," Profesa alisema.

"Ngapi?"

"Moja. Mia mbili na kumi na tano." Alikuwa ameisoma, na sasa hakujua aifanyeje. "Mama, inakuhusu."

"Mimi?"

"'Katika mwaka huu kiwanda hakikupokea lalamiko hata moja kuhusu maji taka, na mkazi mmoja wa jirani alifika ofisini mwezi wa tatu kutoa pongezi.'"

Pasi ilisimama hewani. Mama Povu alikaa kitini polepole, akaomba asomewe tena, akasomewa.

"Na hiyo utaihesabu?" binti aliuliza, macho yamemtoka.

"Lazima niihesabu. Ni sentensi ya mazingira." Profesa alijikuna kichwa. "Tena ina mwezi, ina idadi ya watu. Kwa kanuni zangu mwenyewe, inapata alama mbili."

"Kwa hiyo mimi nimewaongezea alama."

"Mbili, mama."

Mama Povu alianza kucheka. Alicheka kwa mabega, bila sauti, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga, na wanawe waliomjua kuwa mtu wa utulivu walitazamana. Aliponyamaza aliinyoosha ile ngumi, akakikunjua kitambaa juu ya meza. Kilikuwa chekundu, chekundu kisicho na mashaka, kinachotona.

Hakukianika. Alichukua kalamu yake, akakiandika tarehe kingali kibichi, na wino ukasambaa kidogo. Akaivuta ile ripoti, akaufungua ukurasa wenye pongezi zake, akatwaa pini kwenye kopo la pini, akakichoma kitambaa pale, kwenye kona, kama anavyochoma kila furushi. Karatasi nzito ile ilianza kunywa rangi.

"Hesabu yako ukimaliza, wapelekee wenyewe," alimwambia mwanawe, akiinuka kwenda kutenga nguo za giza. "Waambie dobi ameirudisha. Haijatakata."